Magari Mapya ya Kilvarna

Misa ya Jumapili ya pili ya Januari ilipokwisha, Malachy Devane hakusimama mlangoni pa kanisa kusalimiana na watu kama ilivyokuwa desturi yake. Alikwenda kuegemea ukuta wa mawe, mikono imezama mifukoni mwa koti, akayasoma magari mojamoja kama mtu asomaye majina makaburini. Katika nchi yetu gari hubeba mwaka wake kwenye kipaji cha uso: bamba la namba huanza na tarakimu za mwaka lilipoingia barabarani, na hakuna awezaye kudanganya umri. Asubuhi ile, katika uwanja ule mdogo uliojaa madimbwi, mabamba kumi na moja yalikuwa ya mwaka huu au mwaka jana. Kumi na moja, katika kijiji chenye baa moja, duka moja na shule ya walimu wawili.

Upya wa magari haukumkera. Kilichomkera ni kwamba kila moja lilikuwa limechukua nafasi ya gari alilolijua yeye kwa ndani, kama daktari ayajuavyo matumbo ya wagonjwa wake. Miaka arobaini na mitatu gereji yake, pale njia panda ya kwenda Ennis, ndiyo iliyokuwa ikiyatibu. Gari la Tadhg Hehir, lililokuwa likikohoa kila majira ya majani kupukutika. La mwalimu Noreen Considine, ambalo klachi yake aliibadilisha mara mbili kwa sababu mwalimu alikuwa akiikanyaga kama anakanyaga mende. Yote yalikuwa yamekwenda katika miezi kumi tu, na hakuna hata mwenye gari mmoja aliyekuja kuaga.

"Hujambo, Fundi? Baridi hii!" Tadhg alimpungia mkono huku akiharakisha, funguo tayari mkononi.

"Sijambo. Naona umenunua chombo."

"Aa, hicho! Cha kunifikisha mnadani tu." Tadhg alicheka kicheko kifupi, akaingia. Kabla Malachy hajaukaribia mlango, gari lilikuwa limeshateleza langoni bila sauti, kama paka aliyeiba nyama.

Jumatatu Malachy alifungua gereji saa mbili asubuhi, akachemsha maji ya chai, akawasha redio. Mtaalamu mmoja wa mjini Dublin alikuwa akieleza kwa nini mauzo ya magari mapya yamepanda nchini. Watu wana kazi. Siku hizi hulipi gari zima. Unalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kisha unalirudisha na kuchukua jingine. Serikali inawasaidia wanunuao ya umeme. Na magari yaliyotumika, yaliyokuwa yakija kwa wingi kutoka Uingereza, yameadimika tangu ushuru uwekwe bandarini. Malachy alimsikiliza kama hakimu amsikilizaye shahidi aliyenunuliwa. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Mkweli hutoshwa na sababu moja. Mwenye sababu saba ana ya nane aliyoificha.

Wiki nzima alipata mteja mmoja, naye alikuwa padri. Padri alileta mashine ya kukatia nyasi. Mwezi wa Januari, katikati ya baridi.

"Nyasi zimeota, Padri?" Malachy alimuuliza.

"Hazijaota, lakini zitaota," Padri alijibu, akiitazama dari.

Basi akaanza kuuliza. Alimkuta Tadhg getini pa shamba lake, akiwatupia ng'ombe majani makavu, mahali pasipo na gari la kukimbilia.

"Lile la zamani lilikuwa na miaka saba tu, Tadhg. Injini ile ingekuzika wewe, ikanizika na mimi."

"Ukaguzi, Fundi!" Tadhg alisema upesi huku akicheka. "Ukaguzi wa magari wa serikali umekuwa balaa. Unangoja miezi minne upate nafasi, ukifika unaambiwa taa ya kushoto inaangalia mbinguni. Nilichoka kuishi roho juu."

Malachy aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu zuri, tena limenyooka, kama shati lililopigwa pasi. Siku mbili baadaye alikutana na mwalimu Noreen dukani, amebeba mkate na pakiti ya nyama ya nguruwe, akamuuliza swali lilelile.

"Ukaguzi huo, jamani," alisema Noreen, akibadilisha mkate kutoka kwapa hili hadi lile. "Unangoja miezi minne, Fundi, ukifika unaambiwa taa ya kushoto inaangalia mbinguni. Nilichoka kuishi roho juu."

Hata kucheka alichekea palepale alipochekea Tadhg. Mwalimu aliyewakamata watoto wakinakiliana kwa miaka thelathini, leo alikuwa amenakili yeye.

Malachy alirudi kwa miguu mvua ikimnyeshea, wala hakuisikia. Taa inayoangalia mbinguni! Maneno hayo hayakuwa ya Tadhg wala ya Noreen. Yalikuwa ya marehemu mkewe, Attracta, aliyeyatamka siku moja kwa hasira alipogoma kupanda gari lake mwenyewe lililokataliwa kwenye ukaguzi, yakawa mzaha wa nyumbani kwao. Tangu Attracta azikwe, yalikuwa yamebaki na watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa binti yake, Dervla, na Dervla alikuwa akiuza magari mapya huko Ennis.

Shaka ikishapata mlango haikosi viti vya kukalia. Akakumbuka kuwa kiangazi kilichopita alikuja bwana mmoja wa kampuni ya mafuta, amevaa viatu visivyojua tope, akiulizia kiwanja cha njia panda. Malachy alimfukuza. Dervla akasema, "Ungemsikiliza tu, Baba." Kumbe ndiyo hivyo! Huwezi kumng'oa mzee gerejini kwake kwa nguvu, lakini ukimwondolea magari mojamoja, mwishowe atafunga mwenyewe na funguo atakukabidhi.

Jumatano Dervla alikuja kupika kama kawaida yake: nyama ya nguruwe, kabichi, viazi na mchuzi mweupe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu kama baba yake, mwenye masikio yaliyokuwa yakimsaliti kwa wekundu tangu utotoni. Malachy alimwacha akae kwanza.

"Nani alimuuzia Tadhg gari?"

"Mimi."

"Noreen?"

"Mimi, Baba. Ndiyo kazi yangu."

"Na padri?"

"Padri bado."

"Bado!" Malachy alipiga meza, viazi vikaruka. "Umenichukulia watu wangu mmoja mmoja, kama mbweha bandani mwa kuku. Hata manyoya hukubakisha!"

"Watu wananunua magari nchi nzima. Husikilizi redio?"

"Redio haikumfundisha Tadhg habari ya taa inayoangalia mbinguni."

Dervla alishusha uma. Masikio yake yakaanza kuiva.

"Bwana wa mafuta alikuahidi nini?" aliuliza Malachy.

"Hakuniahidi kitu."

"Basi kwa nini?"

Dervla alimtazama baba yake. Akafumbua kinywa kama mtu aliyesimama ukingoni mwa maji baridi na kuazimia kujitosa, kisha akakifumba.

"Kula, Baba," alisema. "Kabichi inapoa."

Malachy alisukuma sahani. Binti aliosha vyombo, akavipanga, akachukua koti lake na kuondoka mapema bila kumbusu. Mzee alibaki mezani akiwa na hakika kamili, na hakika ile ilikuwa chungu, lakini ilimpa joto. Mtu anapomjua adui yake, hata akiwa wa damu yake, angalau anajua mlango wa kuulinda.

Kilichokuwa kimebaki ni ushahidi. Usiku alilala akiyapanga magari kwa tarehe, nani wa kwanza, nani wa pili, akafika kwa Caitríona Meere. Caitríona, muuguzi aliyeishi ng'ambo ya daraja na mwanawe mdogo, ndiye aliyeanza, mwezi wa Machi uliopita. Gari lake lilikuwa na miaka mitano tu, halina kasoro. Kama Dervla alianza kutia maneno mahali, alianzia pale.

Ijumaa asubuhi alibisha hodi. Caitríona alifungua mlango, akamwona, na kabla ya salamu macho yake yalimpita Malachy yakaenda nje, kwenye gari jipya lililoegeshwa pale, kana kwamba anahakikisha kuwa halijaguswa.

"Karibu ndani, Fundi. Utalowa."

Aliweka birika jikoni. Malachy alikataa kuvua koti.

"Nimekuja na swali moja, nami nataka ukweli. Dervla alikuambia nini, hata ukaliuza gari zima namna ile?"

Caitríona aliketi polepole. "Dervla hakuniambia kitu. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Habari za gurudumu."

"Gurudumu gani?"

Yule mama alimtazama vizuri, na woga aliofungulia nao mlango ukamtoka, nafasi yake ikachukuliwa na kitu ambacho Malachy hakukipenda hata kidogo.

"La mbele," alisema taratibu. "Siku ile ya mvua, kwenye kona ya daraja. Lilichomoka, Fundi. Liliruka ukingo likaingia mtoni, na gari likaburura chuma hadi ukutani. Mwanangu Muireann alikuwa kiti cha nyuma. Ulikuwa umenibadilishia breki asubuhi ileile. Nati ulizianza kwa vidole, hukuzikaza kwa spana."

"Uongo!" Neno lilimtoka Malachy lenyewe. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na kama ni kweli, kwa nini hukuniita mimi? Kwa nini uende kwa binti yangu?"

"Nilikuita wewe kwanza. Ulikuja."

"Nilikuja."

"Ulikuja na lile gari lako la kuvutia mengine. Uliingia mtoni na viatu, maji yakakufika mapajani, ukalitoa gurudumu kwa mikono yako. Ukachukua nati mojamoja kutoka magurudumu mengine matatu, ukalifungia. Ukazikaza zote, ukarudia tena, ukarudia tena. Halafu ukapiga magoti kwenye tope ukamshika Muireann mkono. Ukaniambia hujawahi kusahau nati tangu uzaliwe." Aliinuka, akazima birika lililokuwa likipiga mluzi. "Mimi nilikusamehe palepale. Nani asiyesahau? Lakini wiki mbili baadaye tulikutana dukani ukaniuliza, breki zinakwendaje? Unatabasamu. Nilidhani una moyo wa jiwe. Nilikutazama machoni, Fundi, nikaona kuwa hukuwa ukijifanya. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Dervla."

Malachy aliingia akilini mwake kuitafuta siku ile. Aliingia kama mtu aingiaye ghala lake mwenyewe kuchukua chombo alichokiweka kwa mkono wake, ajuaye rafu na ajuaye kona, akakuta sakafu imefagiliwa. Hapakuwa na mvua wala mto. Mlango wa chumba cha jirani ukafunguka, akatokea msichana wa miaka minne mwenye mafua, amejifunga blanketi.

"Mama," alisema, "huyu ndiye yule aliyelia."

"Nakumbuka," alisema Malachy. "Ndiyo. Nakumbuka sasa."

"Ndiyo, Fundi," alisema Caitríona, naye hakumwamini, na wote wawili walilijua hilo.

Sisi sote tulijua. Nasema sisi, kwa maana na mimi ninayesimulia nilinunua langu mwezi wa Agosti. Kijiji chetu hakina kikao wala azimio. Jambo hupita kutoka jiko hadi jiko, na likishapita limekatwa. Hakuna aliyetaka kuwa ulimi wa kumwambia Malachy Devane kwamba mikono iliyotuweka barabarani miaka arobaini na mitatu haiaminiki tena. Kupeleka gari kwa fundi mwingine kungekuwa sawa na kumtemea mate mlangoni pake. Gari jipya, kwa upande mwingine, hudai fundi wa dukani lilikotoka. Hilo kila mtu hulielewa, halina matusi ndani yake. Dervla alitupa maneno ya kusema, nasi tukayasema. Nisijisafishe, hata hivyo. Viti vyenye joto tulivipenda. Bamba jipya tulilipenda, na tulipenda majirani waligeukie. Hadi leo sijui sababu za redio ziliishia wapi na ya Malachy ilianzia wapi.

Yeye alirudi gerejini, akafungua milango yote miwili ili mwanga uingie. Mashaka aliyokuwa amewagawia watu kwa wiki nzima yalikuwa yamerudi kwake, kama barua zisizo na mpokeaji. Alianza kujihoji. Mazishi ya Attracta? Yapo, hadi rangi ya mashada. Chai ya asubuhi? Ipo, na yai moja. Jina la padri aliyetangulia? Lipo. Akapumua. Kisha macho yake yakatua dirishani. Kioo kimoja kati ya sita kilikuwa safi kuliko vingine, na puti ya kukishikilia ilikuwa bado nyeupe. Kilivunjika lini? Nani alikitia? Aliigusa puti ile, akakuta alama ya kidole gumba. Aliweka kidole chake juu yake. Kililingana.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaitazama mikono yake kama atazamavyo mtu wageni wawili walioingia nyumbani bila hodi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Dervla alisimamisha gari lake mbele ya gereji. Tangu apate leseni, halijapata kuguswa na fundi mwingine.

"Sikujua kama ungenifungulia," alisema.

"Mafuta ya injini?"

"Na breki za mbele. Zinalia kidogo."

Malachy alifanya kazi kwa saa mbili jambo la saa moja. Alitia jeki, akavua magurudumu, akasafisha, akarudisha. Na kila nati aliipa spana mara mbili, akisema moyoni, hii nimeikaza, na hii nimeikaza. Dervla alisimama mlangoni na kikombe cha chai, hamtazami, haachi kumtazama. Alipomaliza alimkabidhi ufunguo. Binti alimbusu shavuni, akaingia barabarani kuelekea Ennis.

Malachy hakujua ni nini kilichomfanya apande lile gari lake la kuvutia mengine na kumfuata. Pengine ni busu lile, lililokuwa refu kidogo kuliko kawaida. Alikwenda polepole, akiacha nafasi kubwa. Nusu maili baada ya kona ya shule aliliona gari la Dervla limeegeshwa kando, taa za tahadhari zinawaka. Dervla alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye maji, na spana ndefu mkononi, kwenye gurudumu la mbele.

Alisimamisha nyuma yake, akashuka. Dervla aligeuka. Masikio yalikuwa mekundu, na safari hii uso pia.

"Baba—"

"Zilikuwa vipi?"

"Zimekaza. Zote zimekaza, Baba. Naapa."

"Leo."

Dervla aliitazama spana. "Leo," alisema.

"Tangu Machi unasimama hapa?"

"Kila ukinitengenezea."

"Na kwa nini usimpelekee fundi mwingine, ukapumzika?"

"Fundi wangu ni wewe."

Ndio wakati mimi nilipopita nikitoka Ennis. Nilipunguza mwendo, nikainua kidole kutoka kwenye usukani kama tunavyosalimiana huku, na Malachy akainua chake. Nilijua ninachokiona. Sikusimama. Yaliyobaki nilielezwa na Dervla mwenyewe, miezi mingi baadaye.

Anasema baba yake alilitazama gari langu hadi likapotea. Kisha akasema, "Mahali hapa ni pabaya. Malori hupita kasi. Siku nyingine kaza kulekule gerejini."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Mimi natia, wewe unakaza." Akaangalia upande wa pili wa gari. "Kule umefika?"

"Bado."

Alizunguka. Aliinama kwa taabu, goti moja, kisha la pili, na maji yakapenya suruali. Dervla akaja na spana, akapiga magoti kando yake. Malachy alikuwa akigusa nati kwa kidole, Dervla akiikaza, huyu akigusa, yule akikaza. Mvua ndogo ilianza. Ng'ombe mmoja wa Tadhg alikuja kwenye ukuta kuwatazama. Malachy alinyanyua uso akamtazama yule ng'ombe, na alipourudisha kwenye gurudumu, kidole kilibaki hewani.

"Nimefika ngapi?" aliuliza.

Dervla alimgeukia aone kama anatania.

"Tatu, Baba," alisema. "Umefika tatu."

"Tatu," Malachy alirudia, akagusa ya nne.